Nimerudi Jinja, na Nyongeza Bado Ipo

Bei ya mukene, dagaa wa ziwani kwetu, pale Masese hufuata mwezi, nao ni huu wa angani. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa zao, dagaa huufuata mwanga, nyavu hurudi zimejaa, na asubuhi bei ya kikombe inashuka. Mbalamwezi ikishapamba moto taa hazina kazi tena, mitumbwi mingi inakaa ufukweni, na mwenye hamu ya mukene anauziwa wa juma lililopita kwa bei ya kuudhi. Haya niliyajua tangu utotoni, maana nimelelewa Walukuba, mtaa wa Jinja, na Masese tulikuwa tunaenda kwa miguu. Miaka yote niliyoishi Leicester, Uingereza, sikuwahi kuutazama mwezi kwa ajili ya kitoweo. Sasa nautazama.

Nimerudi kuishi, si likizo. Wenzangu walioko nje wananiandikia kuuliza mambo mazito: viwanja, ada za shule, hospitali, mtaji wa kuanzia. Waulizeni wenye kujua hesabu. Mimi nina neno moja tu la kusema, nalo ni juu ya nyongeza.

Unanunua fungu la nyanya la shilingi 1,000. Unalipa, unapokea mfuko wako, halafu huondoki. Husemi kitu. Muuzaji naye anajua unangoja nini, anajifanya anapanga vitunguu, mwishowe anachukua nyanya mbili, moja nzima na moja iliyoanza kulegea, anazitupia mfukoni mwako. Kwa mukene ni hivyo hivyo: kikombe kinajazwa mpaka kinachongoka juu kama kichuguu, kinamiminwa, halafu konzi moja inafuata bila kupimwa. Konzi hiyo ndiyo inayokurudisha kwake Jumamosi ijayo.

Msidhani nataka kusema Wazungu hawajui soko. Soko la Leicester nililipenda sana. Wauzaji wake walikuwa wanapiga kelele kuliko wa kwetu, bakuli moja pauni moja, parachichi, pilipili hoho, maembe yaliyotoka mbali kuliko mimi. Lakini siku za kazi nilikuwa natoka zamu ya usiku, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikiwa nimechoka, na dukani nakutana na zile mashine za kujilipia mwenyewe. Ukiweka mfukoni kitu ambacho haijakihesabu, inapiga kelele mpaka mlinzi anageuka. Kwa mashine ile, nyongeza ni wizi.

Aliyenipa nyongeza Leicester alikuwa mtu mmoja tu, naye alizaliwa Jinja. Mnajua habari ya mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije kwao, mji umejaa. Wakaenda kwa maelfu, na leo Belgrave Road ni dhahabu, sari na sambusa mwanzo hadi mwisho. Huyo mzee alikuwa na duka la viungo. Siku aliposikia natoka Walukuba aliacha Kiingereza pale pale: "Sema dada, ile mto bado iko?" Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha Main Street ya Jinja ya zamani, kile kile nilichokisikia nikitumwa sukari. Baada ya mizani kutoa karatasi ya bei, yeye aliufungua tena mfuko wangu na kuongeza pilipili mbichi tatu. Mwanawe aliyekuwa kwenye keshi alikuwa anatazama dari.

Sasa safari ya kurudi. Kutoka Entebbe hadi Kampala sina la kueleza, nilikuwa nasinzia. Niliamka Namawojjolo. Anayeifahamu barabara ya Jinja hana haja ya kuambiwa: taksi, yaani daladala, haijasimama sawasawa na tayari madirisha yamejaa mishikaki ya kuku, maini, chupa za maji, gonja, zile ndizi kubwa, zilizochomwa mpaka zikapata rangi ya asali. Niliomba gonja mbili nikatoa noti kubwa, na dereva, kama ilivyo ada yao, akaanza kuondoka kabla sijapata chenji. Yule kijana alikimbia na gari huku anahesabu, akaipenyeza ile pesa kwenye dirisha la nyuma kabisa. Mama mmoja aliipokea, akaihesabu kwa sauti ili wote wawe mashahidi, kisha ikapita mkono kwa mkono, viti vitatu, mpaka kwangu. Haikupungua hata shilingi. Nikala gonja yangu kupita Lugazi na msitu wa Mabira, na kwa kweli daraja jipya la Nile sikulitazama inavyostahili. Nilipoondoka halikuwapo, magari yote yalipita juu ya bwawa la Owen Falls la mwaka 1954, malori ya Mombasa yakijikokota. Hili lilifunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525, limeninginizwa kwa nyaya nene. Ni zuri. Gonja ilikuwa nzuri zaidi.

Majuma ya kwanza sokoni sikupewa nyongeza. Nilisimama baada ya kulipa kama nilivyofundishwa na mama, nikasimama tena, muuzaji akanitazama akasema, "Kuna kingine, nyabo?" Viatu vyangu vilikuwa vinasema bei kabla sijafungua mdomo. Mpita njia hana haki ya nyongeza, na mimi nilionekana mpita njia katika soko ambalo nilikuwa nabebewa mgongoni.

Mambo yalibadilika kwa mama mmoja auzaye ndizi za kuiva. Aliniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikamtajia baba, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo cha Nytil, wa nyumba zile za chini. Akanyamaza, akahesabu vidole, akataja jina la kaka yangu na ugomvi fulani wa mpira ambao hata mimi nilikuwa nimeusahau. Kisha akakata ndizi nne kutoka mkungu mwingine na kuziweka juu ya nilizolipia. Tangu siku hiyo mimi ni kasitoma wake. Nikipita na ndizi za mtu mwingine mkononi ananisalimu kwa jicho moja.

Kwa hiyo tusidanganyane, nyongeza si sadaka. Ni biashara yenye macho, inakununua wewe pamoja na Jumamosi zako zote zijazo. Tena ina upande wake mbaya, maana inampita asiyejulikana. Binti aliyekuja juzi kutafuta kazi za ndani, au mkimbizi aliyepanga chumba kimoja, hana baba wa Nytil wa kumtaja, na ndiye analipa bei kamili kwa fungu lililopungua. Mashine ya Leicester haikuuliza mimi ni wa nani. Hilo nalikubali, na bado siitaki.

Mukene wangu naupeleka kwa mama. Bado anapika nje, kwenye sigiri, jiko la mkaa, ingawa jikoni nimemwekea gesi. Kwanza anaumwaga kwenye ungo, anautikisa, anatoa mchanga na vijikome. Anauosha kwa maji ya vuguvugu haraka haraka, asije akaulowesha, halafu anaukausha kwenye sufuria kavu mpaka unalia. Karanga ameshatwanga. Anazikoroga na maji ya moto polepole ziwe uji mwepesi, anaweka nyanya, kitunguu, chumvi, halafu kazi inakuwa ni kukaa. Mchuzi wa karanga haufunikwi na hauachwi, ukigeuza kisogo tu umefurika na kuuzima moto. Unaukoroga unauchemsha, unaukoroga unauchemsha, mpaka mafuta yapande juu yenyewe. Hapo ndipo mukene anaingia. Leicester nilikuwa natumia siagi ya karanga ya chupa, ile ya kupaka mkate, na kila mara ilikuwa na sukari. Nilikula mchuzi mtamu kwa miaka na kuuita wa nyumbani.

Tunaula na viazi vitamu, maana hapa ni Busoga na kiazi ndicho mwenye nyumba. Lakini Walukuba haikuwahi kuwa na sufuria ya kabila moja. Mama ni Msamia, jirani wa kulia walikuwa Wateso na atapa yao ya mtama na muhogo, wa kushoto Wajaluo, mbele Wasoga na mugoyo, viazi vilivyopondwa na maharage. Watoto tulikula popote jua lilipotukutia, na Kiswahili ndicho tulichoombea maji. Kampala walitucheka, wakasema hiyo ni lugha ya askari. Tangu mwaka 2005 katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na siku hizi binti wa mdogo wangu anakisoma shuleni. Juzi amenisahihisha ngeli mbele ya wageni, na mama akacheka mpaka akakohoa.

Mchuzi ukiiva, bakuli moja linaenda kwa jirani kabla yetu hatujaketi. Bakuli hilo halirudi tupu. Litarudi na ndimu, na ndizi mbivu, siku mbaya litarudi na chumvi, lakini kitu kitakuwamo. Kabatini kwa mama kuna bakuli la bati lenye maua mekundu, la yule jirani Mteso. Walihamia Soroti kabla sijaondoka nchini, na bakuli likabaki huku, zamu ya kulijaza ikiwa ya kwetu. Nilimwambia mama nitampa mtu wa basi alipeleke. Akanitazama kama nimetukana. "Nalipeleka na nini ndani?" Mjadala huo haujaisha. Karanga anasema ni haba, na kuku hawezi kukaa bakulini.

Kero zipo. Umeme unakatika pasi ikiwa juu ya shati. Mhubiri wa jirani anaanza na spika saa kumi na moja alfajiri, na boda boda zinakuja upande wowote zinaoutaka. Watu wengine walinisalimu kwa "umetuletea nini?" na nilipomaliza soksi na sabuni za manukato salamu zao zikapoa. Sikushangaa, hata mimi niliwahi kumpokea mtu wa kyeyo, yaani wa vibarua vya ughaibuni, kwa macho ya kwenye sanduku.

Lakini kuna jambo linalonishinda kulizoea, na sitaki kulizoea. Asubuhi nikiwa nafagia uwanja wangu, mtu anayepita njia, nisiyemjua wala yeye hanijui, ananishukuru kwa kazi. Gyebale, anasema, na anaendelea na safari yake. Wazee niliowalea kule walinishukuru pia, wengine walinishika mkono wakalia, siwezi kuwasahau. Hao nilikuwa nawatumikia. Huyu ananishukuru kwa kufagia kwangu mwenyewe! Kununua mkate kwenye kibanda cha pembeni kunanichukua nusu saa, kwa sababu kila mlango una salamu, na salamu ina mgonjwa wa kuuliziwa, mtoto wa mtihani, mahindi yaliyonyauka. Mwanzoni nilikuwa naangalia saa. Saa hiyo sasa anaivaa mpwa wangu.

Nimejiandikisha pia katika munno mukabi ya mtaa. Ni chama cha majirani: mnachanga kidogo kila mwezi, mnanunua masufuria makubwa, viti vya plastiki, turubai, na msiba au arusi ikitokea kwa mmoja wenu vyote vinahamia kwake pamoja na mikono ya kupika. Baba alipofariki nilituma pesa kutoka Leicester nikidhani nimelipia mazishi. Pesa ilifika siku ya tatu. Wakati huo watu walikuwa wameshalala nje na mama usiku miwili, wamepika, wameosha vyombo, wamechimba kaburi. Mwenyekiti wetu ni mama mkali mwenye daftari. Kiingilio changu alikipokea bila maneno mengi, akaniuliza swali moja tu, naweza kufanya kazi gani. Nikasema naweza kuandika hesabu, nina uzoefu wa ofisi kidogo. Akasema hesabu anaandika yeye.

Jumamosi hii kuna arusi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nimepangwa kundi la kumenya matoke, saa kumi na moja alfajiri, na kisu nimeambiwa nije nacho.