Kabla Hujapaka Rangi Milango ya Kabati la Jikoni

Mtu anapochoka kuitazama milango mikuukuu ya kabati la jikoni, jambo la kwanza linalomjia ni rangi: awe na nyeupe au kijani kilichoiva, ya kung'aa au isiyong'aa. Mimi huanzia kwenye swali lisilovutia hata kidogo, yaani mlango wenyewe umetengenezwa kwa nini, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama rangi itakaa miaka au itaanza kubanduka mapema. Kulijua si kazi kubwa. Fungua bawaba, kisha uchungulie ndani ya tundu ilimokuwa imezama, maana hapo ndipo fundi wa kiwandani hakujali kuficha kitu.

Mbao halisi husamehe mengi, kwani hupigwa msasa, huzibwa kwa puti na kupakwa upya mara nyingi. Melamini, yaani tabaka la plastiki linalofunika mbao za kiwandani, ni ngumu na laini mno, haina vinyweleo vya kunywa rangi, hivyo inahitaji praima, yaani rangi ya awali ya kushikilia ile ya juu, iliyotengenezwa mahsusi kwa nyuso za namna hiyo. Inayosumbua zaidi ni MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, iliyovikwa ngozi nyembamba ya plastiki, ambayo aghalabu huanza kuachia kwenye kingo za milango iliyo karibu na jiko, kwa ajili ya joto na mvuke. Kupaka rangi juu ya ngozi iliyokwisha kuachia ni kupoteza rangi. Afadhali kuipasha kwa kikaushia nywele hadi ilainike, kuibandua yote, kukwangua gundi iliyobaki na kuziba kingo kwa praima isiyo ya maji, kwa kuwa kingo za MDF hunywa maji, huvimba, na zikishavimba hazirudi zilivyokuwa.

Baada ya hapo inakuja kazi ambayo wengi huiruka, nayo ni kuondoa mafuta. Mvuke wa mapishi hubeba mafuta yanayotua milangoni mwaka baada ya mwaka, hasa juu ya jiko na kuzunguka vishikio, ambako mafuta ya vidole nayo huongezeka. Ukianza na msasa kabla ya kusafisha, unayasugulia mafuta hayo ndani ya mikwaruzo mipya, na rangi itakayofuata haitashika. Kwa hiyo osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kali ya kuondoa mafuta, suuza kwa maji safi, acha pakauke, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye spiriti. Kitambaa kikitoka na rangi ya manjano au kahawia, rudia. Binafsi hutumia muda mwingi hapa kuliko kwenye kupaka, wala sioni kama ni muda uliopotea.

Msasa namba 120 unatosha kwa kuanzia kwenye mbao, ukifuatiwa na namba 220. Kwenye melamini lengo ni kuua mng'ao tu, si kuchimba. Tahadhari moja si ya kupuuza: rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi ya umri huo ipimwe kwanza, isikwanguliwe ikiwa kavu.

Mbao zenye tanini nyingi, yaani kemikali ya asili ya mti inayotia madoa, kama vile mwaloni na mahogani, hupenyeza madoa ya kahawia hata juu ya rangi nyeupe iliyopakwa vizuri. Dawa yake ni praima ya sheleki, ambayo asili yake, ajabu ilivyo, ni utomvu wa mdudu.

Kuhusu rangi yenyewe sina mengi ya kusema. Laza mlango, anza na upande wa nyuma, tumia rola ndogo ya sponji, na upake tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito itakayochuruzika. Rangi nyeupe ya mafuta ni ngumu lakini hugeuka manjano, hasa mahali pasipofikiwa na mwanga, kwa hiyo mimi huchagua rangi ya maji iliyokusudiwa kwa samani. Kumbuka tu kwamba kukauka si kukomaa: rangi hiyo huweza kuguswa baada ya saa chache, lakini huchukua wiki kadhaa, pengine mwezi mzima, kabla ya kuhimili kusuguliwa kwa sabuni.

Wakati wa kurudisha milango ndipo utashukuru kwamba uliandika namba ndani ya kila tundu la bawaba na kuifunika kwa utepe. Bawaba za kisasa, zenye kikombe cha milimita 35, kwa kawaida huwa na skrubu za kuusogeza mlango pembeni, mbele na nyuma, na juu na chini. Zirekebishe kidogo kidogo, mlango kwa mlango, hadi nafasi kati ya mlango na mwenzake iwe sawa kutoka juu hadi chini, na milango isisuguane ikakwangua rangi mpya.