Kusawazisha kamera ndogo kwenye gimbali

Wapiga video wengi wa harusi hapa Dar es Salaam huwasha gimbali, yaani mpini wenye mota unaoituliza kamera, kabla ya kuisawazisha, wakiamini kwamba mota zitafanya kazi yote. Kumbe mota zinazopambana na uzito ulioegemea upande mmoja hupata joto, hutetemesha picha na kumaliza chaji mapema. Mimi huisawazisha ikiwa imezimwa, na kamera ikiwa tayari na kila kitakachotumika: betri, kadi, maikrofoni, na lenzi iliyokwisha kuondolewa kifuniko.

Mhimili wa kuinamisha, yaani ule unaoelekeza lenzi juu au chini, ndio unaodai subira. Kwanza naisogeza kamera mbele au nyuma hadi lenzi inayotazama mbele isizame wala kuinuka. Kisha naielekeza lenzi juu na kurekebisha kimo cha kamera hadi itulie hapo pia, hatua ambayo wenye haraka huiruka. Mhimili wa kulalia ubavu ni mwepesi. Ule wa kugeuka hupimwa kwa kulaza mpini na kutazama kama mkono wa gimbali unazunguka wenyewe.

Sony a6400, yenye gramu 403 pamoja na betri na kadi, ni nyepesi kiasi kwamba hata maikrofoni ndogo huvuruga mizani yake. Waya mgumu ni kero kubwa zaidi, kwa sababu huivuta kamera kila inapogeuka. Tafuta Kariakoo waya mfupi na laini. Lenzi ya zumu inayorefuka nayo isawazishwe katika urefu utakaorekodia, na ukiubadilisha, zima mota uanze upya.