Miti ya mabingwa

Nimerudi sasa hivi kutoka Iten, mji wa wanariadha Kenya, vumbi jekundu bado liko kwenye viatu.

Nilimpeleka mpwa wangu kuona shule ya St. Patrick's. Pale bingwa hasimamishiwi sanamu. Ana mti wake.

Nikamsimulia mwanafunzi wa zamani, Peter Rono: dhahabu ya Olimpiki, mita 1500, Seoul 1988. Halafu David Rudisha, aliyenolewa na kocha wa shule hii, Brother Colm O'Connell: London 2012, mita 800 kwa 1:40.91! (Siku ile chai yangu ilipoa nikishangilia.)

Kijana kimya.

Akaweka kiganja kwenye gome la mti mmoja, akakiacha pale muda mrefu, kama anayempima mgonjwa homa.

"Anko, nafasi ya kupanda mwingine bado ipo?"

Nilishindwa kumjibu, koo lilikaba.

Nyinyi mngempandia nani mti kwenu?