Kumbe "mato" yako London

Jamani nauli ya treni tu ilinitoa roho, pauni 41 kwenda na kurudi London, na nyinyi mnajua kwa boti Mokowe hadi Amu (Lamu) mtu analipa ngapi na upepo wa bahari bure. Lakini nilikuwa na ofu (nalea wazee, zamu za usiku), nikasema leo liwalo na liwe naenda maktaba ya SOAS, kile chuo cha London cha masomo ya Afrika na Asia, pale Russell Square, maana miaka minane niko nchi hii nasikia tu tenzi zetu ziko kule.

Kufika, begi kabatini, biki hairuhusiwi, ukitaka kuandika ni penseli. Nikajisemea makubwa haya, karatasi za kwetu halafu mimi ndo niogopwe na biki yangu. Yule mama wa kaunta, Mzungu wa makamo, akaja na boksi, akatandika mto wa sponji, akalilaza daftari juu yake taratibu kama mtoto wa siku saba, kurasa akazibana na kamba nzito ya kitambaa. Maktaba ina vitabu zaidi ya milioni moja na bado ana subira hiyo kwa daftari moja.

Nikafungua. Hati za Kiarabu, maneno ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu, mkono wa Muhammad Kijuma, yule yule mnakili wa tenzi, fundi wa nakshi na mpiga kibangala (ala ya nyuzi) wa kwetu! Nikaanza kusoma polepole kwa kidole hewani, sijafika mbali nikakutana na "mato". Si macho. Mato.

Nikaganda. Darasa la nne niliandika mato kwenye insha, mwalimu akaikata kwa wino mwekundu na viboko viwili, akasema hicho si Kiswahili ni maneno ya vichochoroni. Ndiya (njia) ikakatwa. Nti (nchi) ikakatwa. Na nyanya yangu hajatamka macho mpaka anaingia kaburini. Leo neno lile lile limelazwa kwenye mto wa sponji Ulaya, hata biki hairuhusiwi kulisogelea!

Yule mama akaniona midomo inacheza, akauliza kama naelewa. Nikamwambia hii ndo lugha ya jikoni kwetu. Akaenda kimya akarudi na boksi la pili ambalo sikuliomba. Nilikuwa nataka sana kumkasirikia mtu siku ile, nikakosa wa kumkasirikia.

Na msikimbilie kusema wameiba. Zile za mkono wa Kijuma nyingi aliagizwa na kina Alice Werner na Hichens, Wazungu watafiti wa Kiswahili, ananakili tenzi analipwa, kazi ni kazi. Makaratasi ya Taylor, yule mmishonari wa Mombasa, nayo yamo. Mimi zinazoniuma ni zile ambazo hakuna aliyeziagiza, zikaliwa na mchwa wetu wenyewe. Msikiti wa Riyadha wa kwetu Amu afadhali, vitabu vyao vilipigwa picha kwa mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya huku, picha ziko mtandaoni na vitabu vimebaki Amu. Hivyo ndo ilivyotakiwa tangu zamani.

Halafu wewe unayehangaikia viza, sikia: maktaba za mtaa huku ni bure, zina hita na intaneti, Januari utanishukuru. Za vyuo andika imeili mapema useme unataka kuona nini, beba kitambulisho na karatasi yenye anwani yako, usiende kichwakichwa ukarudi na nauli imeliwa.

Kwenye treni nikamtumia mama voisi, "Mama, lile kasha la babu lenye makaratasi bado lipo?" Akajibu lipo darini, ila funguo anayo ami, na juu yake wameanika ndimu za achari. Nimemwambia tafadhali mama, ndimu zihamishwe leo leo, na asilifungue mtu mpaka nije Disemba. Kacheka huyo! "Na mato ya kuyasoma utakuwa nayo, mwanangu?"