Shiti ya kikoba: funga fomula, acha watu waandike hisa

Mwaka jana siku ya kuvunja kikoba, yaani siku ya kugawana akiba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tulikaa masaa matatu tunatafuta shilingi 215,000, na sio kwamba zilipungua, zilizidi, hela kwenye sanduku ilikuwa nyingi kuliko shiti yetu ya Excel inavyosema. Kama hujawahi kukaa kwenye kikoba unaweza kudhani hela kuzidi ni habari njema. Hapana jamani, ikizidi maana yake kuna mtu jasho lake halijaandikwa, na kila mmoja anaanza kupiga hesabu kimoyomoyo kama ni yeye.

Ikabidi tupitie vitabu vya wanachama kimoja kimoja tunahesabu mihuri (muhuri mmoja ni hisa moja), watu 22, mpaka tulipofika mstari wa 14. Yule dada alikuwa na mihuri ya kutosha kabisa ila kwenye Excel jumla yake imegota 310,000 tangu wiki ya 30. Nikabonyeza seli ya C14 nikakuta hamna fomula, kuna namba tupu. Ilipotakiwa kuwa na =SUM(D14:AY14)*5000 yaani hisa zake za wiki zote mara shilingi 5,000 ya kila hisa, palikuwa na 310000 basi. Mweka hazina wetu alikuja kukumbuka, yule dada alimuuliza kikaoni "mimi nimefikisha ngapi?", naye akapiga hesabu kwenye simu akaiandika pale kwa nia njema kabisa, na siku ile ilikuwa sahihi! Ila wiki 18 zilizofuata hisa zikawa zinaingia na jumla haisogei.

Mimi ndo katibu na shiti niliitengeneza mimi, na namwambia kila mtu kosa halikuwa la mweka hazina, mtu anayeandika huku watu wanapiga kelele na wengine wanadai chenji hawezi kukumbuka seli gani ina fomula na gani haina, hiyo ni kazi ya aliyetengeneza shiti.

Sasa kitu kinachowachanganya wengi ni hiki, kwenye Excel seli ZOTE zimeshawekwa alama ya kufungwa tangu unafungua faili jipya, ila kufuli halifanyi kazi mpaka uwashe ulinzi wa shiti nzima. Ndo maana mtu anabonyeza Protect Sheet moja kwa moja halafu analalamika hawezi kuandika hata herufi. Unaanza na kufungua. Mimi nilichagua D5 mpaka AY26, yaani sehemu ya hisa za wiki zote 48, nikabonyeza Ctrl na 1, nikaenda Protection nikatoa tiki kwenye Locked, OK. Baada ya hapo ndo Review, Protect Sheet, nikatoa tiki ya Select locked cells nikaacha ile ya Select unlocked cells, paswedi mara mbili, kwisha. Kwa hivyo mweka hazina hawezi hata kuigusa C14, na akibonyeza Tab inamrukisha kwenye seli za kuandika tu, hii peke yake imempunguzia kazi sana.

Halafu nikaongeza Data Validation, yaani sheria ya nini kinaruhusiwa kuandikwa kwenye seli, namba kamili kuanzia 0 mpaka 5 kwa sababu kwetu mwisho ni hisa tano kwa kikao. Hii muhimu, maana mtu akiandika "3 hisa" Excel inaona ni maneno na SUM inayaruka kimya kimya bila kukwambia.

Ila msidhani hapo mmemaliza. Kukata na kupesti bado ni hatari hata shiti ikiwa imefungwa. Kwenye shiti ya mikopo nina baki, =D5-E5, mstari unaofuata =D6-E6. Mtu akikosea mstari akaikata D5 akaipesti D6, fomula ya juu inaihama na kuifuata D6, na ya chini inageuka #REF!, yaani kosa la kupoteza seli iliyokuwa inaisoma, kufuli lipo na fomula imeshaharibika. Nimewaomba wote, ukikosea futa uandike upya, usikate. Na ukipesti kutoka kwingine pesti value tupu, yaani namba peke yake, kwa sababu kupesti kawaida kunaweza kuja na kufuli lake, seli iliyokuwa wazi ikajifunga, na hata ukipesti value ile Data Validation haiikagui, kwa hiyo iangalie mwenyewe.

Na ulinzi huu hauzuii mtu kusoma. Kama hutaki faili lifunguliwe kabisa hiyo ni paswedi nyingine, ipo File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password.

Wanachama waliniuliza swali la haki kabisa, je katibu peke yake ndo awe na paswedi? Nikasema hapana. Nimeiandika kwenye karatasi, tumeitia kwenye bahasha, bahasha ipo ndani ya sanduku, na sanduku lina kufuli tatu na funguo wanazo watu watatu tofauti. Nikitaka kugusa fomula, hata kama paswedi naikumbuka, lazima wote watatu wawepo.