Kitabu cha Mombasa kikae rafu gani?

Kuna vitabu vinampa kazi mwenye duka, hajui avipange wapi. Dini? Mbona vimejaa mashairi. Fasihi? Mbona watu humo ndani wanabishana siasa na tafsiri ya aya kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Historia ya mji? Sawa, ila nusu nzima ni falsafa. Mi vitabu vya namna hiyo ndo ugonjwa wangu, na leo naongelea kimoja hasa, Philosophising in Mombasa cha Mjerumani Kai Kresse, kilitoka Edinburgh 2007, kinahusu watu wa Mji wa Kale wanaofikiri na kubishana kifalsafa mtaani kwao. Najua sio kipya, ila huku kwetu sijaona kikijadiliwa kwa Kiswahili kama kinavyostahili, na ukifikiria vizuri hiyo ni ajabu, manake karibu kila wazo lililomo lilisemwa kwanza kwa Kiswahili.

Lazima turudi nyuma kidogo, kwenye ule ubishi kuhusu falsafa ya Kiafrika. Mwaka 1945 padri mmoja Mbelgiji aliyekuwa Katanga huko Kongo, Placide Tempels, alitoa kitabu akisema Wabantu wana falsafa yao na kiini chake ni nguvu ya uhai, sema hao Wabantu wenyewe hawawezi kuipanga na kuieleza, kwa hiyo yeye atawasaidia. Asante padri. Watu walimshangilia na watu walimtukana, na mpaka leo ukisoma kozi ya falsafa ya Kiafrika popote pale lazima uanze na yeye, upende usipende.

Halafu 1969 akaja John Mbiti, Mkamba wa Kitui, kasisi wa Anglikana aliyekuwa anafundisha Makerere, na kitabu chake cha dini na falsafa za Kiafrika. Huyu namheshimu sana, alikusanya mambo ya makabila mengi mno wakati wasomi wengi bado wanaita imani zetu ushirikina. Lakini tatizo langu na yeye ni kwamba anayefikiri humo ndani ni "Mwafrika". Mwafrika anaamini hivi, Mwafrika anaona vile. Hana jina, hana mtaa, hajawahi kugombana na jirani yake kuhusu jambo lolote. Na huyo Mwafrika, anasema Mbiti, katika fikra zake za jadi hana wakati ujao wa mbali, mbele yake anaona miaka miwili hivi basi. Sasa we chukua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, miaka kama 200 iliyopita. Jamaa anayaangalia majumba ya matajiri wa Pate, kisiwa kile cha karibu na Lamu, yamebaki magofu, popo wananing'inia juu, buibui wametanda, na hapo hapo anaugeukia moyo wake anauuliza kaburi umeliandalia nini, na Kiyama je? Huyo hana wakati ujao? Mtetezi wa Mbiti atakwambia hayo yametoka kwenye Uislamu sio kwenye jadi. Haya, mtu ambaye babu zake wa vizazi na vizazi ni Waislamu na wote wamezikwa Pate, jadi yake ni ipi?

Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, naye hakukaa kimya, mwanzoni mwa miaka ya 70 aliwavaa wasomi wa aina hii kwa sababu wanawavisha miungu wa Kiafrika nguo za Kigiriki ili wafanane na Mungu wa makanisani. Okot alikuwa na mdomo, kumsoma ni raha hata pale unapoona kazidisha.

Aliyebadilisha mchezo kwangu ni Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye alikwenda vijijini akakaa na wazee mmoja mmoja, na swali lake halikuishia "watu wenu wanasemaje", aliendelea mpaka "na wewe mwenyewe, unakubaliana nao?" Hapo ndo mambo yanachangamka, manake kuna wazee walijibu kwamba hapana, kabila langu hapa linakosea na sababu ni hizi. Kitabu chake Sage Philosophy cha 1990 kina wazee wenye majina yao kamili, akiwemo baba yake mzazi. Na nadhani alijua kabisa kwamba haya sio mambo ya darasani tu, kwa sababu 1987 kwenye ile kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, mjane anataka azikwe karibu na Nairobi na ukoo unataka apelekwe kwao Nyalgunga, Oruka mwenyewe alipanda kizimbani kutoa ushahidi kuhusu mila za Wajaluo. Profesa wa falsafa kwenye kesi ambayo nchi nzima inaifuatilia! Ukoo ulishinda, Otieno akazikwa Nyalgunga.

Sasa ndo tunafika Mombasa. Kresse alikaa Mji wa Kale mwishoni mwa miaka ya 90, akajifunza Kiswahili cha pale, akawa anakaa barazani kama watu wengine, jioni baada ya sala, kahawa chungu, maneno yanaanza na bei ya samaki yanaishia kwenye hukumu ya maulidi. Alichomzidi Oruka ni hicho tu, kwamba mwenye hekima hakutolewa pembeni akahojiwa peke yake, ameachwa mtaani kwake, na watu wanaomjibu wapo, na wanaomchukia wapo. Kisha anachukua watu watatu.

Wa kwanza ni Mwalimu Ahmed Sheikh Nabhany, mtu wa Lamu aliyehamia Mombasa, ushairi alifundwa na bibi yake. Huyu aliona maarifa yanapotea akaanza kuyafunga kwenye tenzi, Sambo ya Kiwandeo ni namna jahazi linavyoundwa, Umbuji wa Mnazi ni kila kitu kinachotoka kwenye mnazi. Kiukweli sura hii ni tamu kuliko zote, ila kama ni falsafa mi bado nina mashaka. Kuhifadhi ujuzi ni kazi kubwa, ila kuuhoji huo ujuzi ni kazi nyingine, na Mwalimu alikuwa mtu wa kuhifadhi.

Wa pili ndo mwenyewe. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga wa Mvita, na Utenzi wa Mtu ni Utu uliochapwa 1979. Nilionao mi ni kopi ya stationari, imebaindiwa kwa waya, na kuna mtu kabla yangu kaandika "kweli??" kwa penseli pembeni mwa beti kadhaa, nampenda huyo mtu simjui. Hoja ya Ustadh ukiisikia haraka haraka unaona kama maneno ya kawaida ya wazee, kwamba kuwa na sura ya mtu haitoshi, utu ni vitendo, elimu usiyoifanyia kazi haikupi utu, na hapo anaongelea binadamu wote sio Waislamu peke yao. Sawa, nani atabisha? Lakini yaweke hayo maneno Mombasa. Mji ambao mtu akikuona tu swali la kwanza ni wewe mtoto wa nani, wa mlango gani, Thenashara Taifa (zile koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa) au Mwarabu au Sharifu au mtu wa kuja tu, na ambao wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana wao wanapishana kwenye kichochoro kimoja. Kusema mahali hapo kwamba utu hauko kwenye ukoo uko kwenye unachokitenda, hiyo sio nasaha ya kubandika ukutani, unagusa mali na posa za watu. Kresse hapa kafanya kazi nzuri sana, anausoma utenzi kama hoja yenye hatua zake, sio kama pambo la utamaduni, ingawa mi ningetaka aubane zaidi kwenye hilo la ukoo. Na usisahau kwamba Ustadh huyu huyu ndo alikuwa anamtungia nyimbo nduguye Juma Bhalo wa taarab, kwa hiyo fikra zake zilisikika maharusini pwani nzima kwa kaseti, kwa watu ambao hawatakuja kukigusa kitabu cha falsafa maisha yao yote.

Wa tatu Sheikh Abdilahi Nassir. Kijana wa siasa za Mwambao, za kutaka pwani ijitawale, mwanzoni mwa miaka ya 60, baadaye mhariri na mchapishaji wa vitabu, baadaye tena akatangaza kwamba yeye ni Shia katikati ya mji wa Masunni, na bado mihadhara yake ya Ramadhani watu walikuwa wanaifuata, wengine kumsikiliza wengine kumvizia akosee. Ni kaka yake mshairi Abdilatif Abdalla, yule aliyefungwa 1969 mpaka 1972 kwa karatasi ya kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi? na akatunga Sauti ya Dhiki gerezani akiandika kwenye karatasi za chooni. Familia gani hii jamani.

Na kabla ya hawa wote kulikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, baba yake Profesa Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa 1930 na Al-Islah 1932, akawa anawachapa watu wa pwani kwa kalamu, mnamaliza pesa kwenye harusi na matanga, watoto wa kike hamuwasomeshi, halafu mnalalamika mmeachwa nyuma. Makala zake za Uwongozi zimetolewa tena 2017 na mchapishaji wa Uholanzi pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Yeye aliziandika ili mtu wa kawaida pale Mombasa asome kwa senti zake chache. Leo huyo mtu akitaka toleo hilo jipya aangalie bei kwanza halafu akae chini. Siwalaumu waliotafsiri, bila wao tungezisikia kwa jina tu, lakini hivi wachapishaji wa hapa Afrika Mashariki shida yao nini? Maandishi yapo, wasomaji wapo, kinachokosekana ni mtu wa kuweka mtaji kwenye kitu ambacho sio kitabu cha mtihani wa sekondari.

Msije mkasema Kiswahili hakibebi falsafa. Mwandishi Kezilahabi wa Tanzania alisomea hayo mambo Wisconsin, Marekani, akaandika tasnifu yake, na akarudi na Nagona na Mzingile, riwaya ambazo ukizisoma lazima urudi nyuma kila kurasa mbili. Kaandika kwa Kiswahili na hakumwonea mtu huruma.

Ila kitabu cha Mombasa kina shimo moja kubwa na huwezi kulikwepa. Watu watatu, wote wanaume. Na ni lazima iwe hivyo ukishaamua kwamba falsafa inapatikana barazani na msikitini, manake huko ndo wanaume walipo. Wanawake wa Mji wa Kale wao hawafikiri? Jibu nililipata kwenye vitabu vya historia ya mji, sio vya falsafa. Laura Fair kwenye Pastimes and Politics, 2001, anauonyesha mtaa wa Ng'ambo, Unguja, baada ya utumwa kufutwa 1897, wanawake wanaitupa kaniki, nguo waliyovaa watumwa, wanavaa kanga, na mwimbaji wa taarab Siti binti Saad anaimba habari za mahakama na dhuluma mpaka sauti yake inarekodiwa Bombay 1928. Hiyo ni hoja ile ile ya nani ni mtu, sema imevaliwa na imeimbwa.

Na kwa Mombasa yenyewe kuna Wanawake Watatu wa Kiswahili cha Sarah Mirza na Margaret Strobel. Kwa Kiingereza kilitoka 1989, na toleo la Kiswahili kabisa likafuata 1991, kumbe inawezekana. Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhashamy wanasimulia maisha yao kwa maneno yao, mmoja muungwana wa pale pale, mmoja uzao wa watumwa, mmoja Mwarabu, ngoma za lelemama, unyago, ndoa na talaka, nani alikaa na nani na nani alikataliwa. Bi Mishi alikuwa mji mmoja na Ustadh Ahmad Nassir, na swali la Ustadh la utu lilikuwa linamgusa Bi Mishi kuliko lilivyomgusa Ustadh mwenyewe, lakini kitabu cha kuwakalisha hao wawili pamoja bado sijakiona.