Kujaza kodi na mume: mshahara hauna siri tena

Tulioana tarehe 28 Desemba 2023, siku tatu kabla mwaka haujaisha, harusi yenyewe ya kimya kimya kwa jaji hapa Houston halafu pilau kwa dada angu, basi. Nikajua mambo ya kodi kama wanandoa tutayaanza mwaka unaofuata. Wapi! IRS, wale wa kodi wa Marekani, wanaangalia siku moja tu, tarehe 31 Desemba, ukikutwa umeolewa siku hiyo kwao umeolewa mwaka mzima. Kujaza kama single haipo tena, mnajaza pamoja au kila mtu kivyake.

Sasa mi nimekulia Dar, kodi naijua ile PAYE mwajiri anakata anapeleka TRA na maisha yanaendelea. Na kichen pati nimehudhuria nyingi tu, tukafundwa kila kitu, ila kwenye hela wote wimbo mmoja, mfuko wa mume hauchunguzwi. Nikaolewa sijui mume wangu anaingiza shingapi na yeye yangu hajui.

Februari tukakaa mezani jikoni, mi na W-2 yangu ya hospitali, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, dola 68,000 na overtime humo humo, kodi walishakata 8,200, kwa hesabu zangu za single refandi ingekuja kama 980 na nilishaipangia matumizi. Yeye akatoa 1099 ya Uber, karatasi ya malipo ya wasio na mwajiri, huku anaangalia pembeni. Bahati nzuri maili alikuwa anaandika, mwaka ule kila maili ya kazi unapunguza senti 65.5 kwenye mapato, tukatoa toa ikabaki faida dola 18,000. Nikamuuliza kodi ulikuwa unalipa lini, akasema si tunalipa sasa hivi?

Hapo ndo nikajua ukiwa huna mwajiri ile michango ya Social Security na Medicare (pensheni na matibabu ya uzeeni) unalipa pande zote mbili mwenyewe, asilimia 15.3, kwake ikafika kama 2,500 kabla hata hatujagusa kodi ya mapato. Refandi yangu ikamezwa yote na juu yake tunadaiwa 345. Nilinuna siku mbili, sikatai.

Ila siku ya tatu nikakaa kuifanya hesabu ya kila mtu kivyake, yeye peke yake angedaiwa kama 2,770, mi nichukue 980 yangu, kwa hiyo nyumba inatoa karibu 1,800 badala ya 345. Na sio ile standard deduction (kipato ambacho hakitozwi kodi) iliyotuokoa kama watu wanavyosema, maana mwaka ule 27,700 ya wawili ilikuwa ni 13,850 ya mmoja mara mbili, hamna zawadi hapo. Kilichotuokoa ni kwamba mi peke yangu kuna hela zilikuwa zinaingia kwenye kodi ya asilimia 22, tukiungana zote zinashuka kwenye 12 kwa sababu yeye kipato chake kidogo. Mngekuwa mnalingana mshahara msingeona tofauti kubwa hivyo. (Na Texas mkijaza mbali mbali bado kipato cha tangu mlipooana mnagawana nusu kwa nusu kwenye fomu, kwa hiyo kujificha hakupo.)

Kinachonitisha zaidi ni ile sahihi. Mkisaini wote deni ni la wote, akificha kipato leo na mkaachana kesho IRS wanaweza kukufuata wewe kwa deni zima, ipo fomu 8857 ya kuomba usamehewe lakini lazima uwaridhishe kwamba hukujua. Shoga yangu mmoja refandi yao ilikatwa kulipia matunzo ya mtoto wa mumewe, mtoto ambaye yeye alimjulia kwenye barua hiyo! Akajaza 8379 kudai sehemu yake, hela ikarudi. Ndoa sijui.

Jina langu lilikuwa bado la kwetu huko Social Security kwa hiyo nikajaza hilo hilo, lazima yafanane. Kila mtu akaweka PIN yake ya namba tano, tukatuma.

Siku hizi mzee kafungua akaunti ya pembeni, kila Jumapili anaweka hela ya IRS maana wanataka zao kila robo mwaka, na salio ananitumia WhatsApp bila kuombwa. Mi nimechukua shifti za Jumamosi tangu Juni, sijamtajia. Januari W-2 itamwambia.